Aliyebaki Baada ya Upasuaji wa Pili

 Nimeombwa, hapa Shinyanga, nizungumzie kumuuguza mwenza anayepasuliwa viungo mara kwa mara. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari, na ni mume wa mwanamke ambaye nyonga zake zote mbili zimebadilishwa, na ya kulia ikalazimika kufunguliwa tena. Mwenyewe yupo ukumbini. Nitakayoyasema kuhusu mwili wake ameniruhusu. Mengine amesema niyaache, nami nimeyaacha.

Jambo langu ni moja. Mgonjwa anapopasuliwa mara ya kwanza, watu hujaa. Mara ya pili wanakuja ndugu. Mara ya tatu aliye kando ya kitanda ni mume au mke, basi. Huyo aliyebaki ndiye tiba nzima imemwegemea, ilhali hakuna aliyemfundisha wala anayemlipa, na kwenye faili jina lake limeandikwa pale tu penye nafasi ya ndugu wa karibu na namba ya simu.

Wengi wetu tunadhani kubadilishwa nyonga ni habari ya wazee, tena wazee wa Ulaya. Huku kwetu wagonjwa wa nyonga wamo pia vijana, na sababu mojawapo kubwa ni selimundu, ugonjwa ambao mtaani tunauita siko seli. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache, tena myembamba. Chembe nyekundu zilizojikunja zikiziba mishipa hiyo, mfupa unakosa damu, unakufa taratibu, kisha unabonyea kwa uzito wa mwili. Mgonjwa huanza kusema kinena kinauma. Baadaye maumivu hushuka hadi gotini, naye hutibiwa goti kwa miezi mingi huku nyonga ikiendelea kuporomoka.

Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki kwamba anayerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba kimedumu palipo na mbu wengi, na ukanda wetu wa ziwa ni mmojawapo. Mwaka 2018 Dk. Emmanuela Ambrose na wenzake wa hospitali ya Bugando walichapisha matokeo ya kupima matone ya damu ya watoto zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, damu iliyokuwa imekaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha UKIMWI. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Tazameni mabenchi mliyokalia. Kwa wastani, kila benchi la watu watano lina mmoja aliyebeba kinasaba hicho, na huenda hajui.

Sasa tazameni hesabu ya kiungo bandia. Nyonga bandia ya kisasa ilisimikwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962, na wagonjwa aliowalenga walikuwa hasa watu wazima waliochakaa viungo kwa umri. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyonga bandia kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 70 hiyo ni habari njema kabisa. Mke wangu alibadilishwa ya kwanza akiwa hajafika miaka 30. Akijaliwa umri, na tunamwomba Mungu amjalie, ataishi muda mrefu kuliko kiungo chake. Tena wenye selimundu wana hatari kubwa zaidi ya kupata usaha kwenye mifupa, kwa hiyo kiungo kinaweza kuharibika mapema.

Naisisitiza hesabu hii kwa sababu ya mahali tulipo. Kiungo kikishindwa mara ya pili, huku kwetu watu huacha kuuliza kuhusu vijidudu na kuanza kuuliza nani hapendi nyumba hii ipate. Atatokea wa kusema kuna mkono wa mtu. Na mkono huo hutafutwa kwa bibi fulani mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi aliopikia maisha yake yote. Mkoa huu umezika bibi wengi waliokatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenza wa mgonjwa ana kazi ambayo hakuna daktari atakayempa: kuwaeleza ndugu, mapema na mara nyingi, kwamba upasuaji wa pili ulitarajiwa tangu siku ya ule wa kwanza. Mimi niliwakusanya wakwe zangu na baba zangu wadogo kabla hatujaondoka kwenda hospitali, nikawaonyesha picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, nikawaambia: hiki tutakachowekewa kina umri wake.

Nije kwenye nyumba, maana hapo ndipo palipo na kazi.

Mgonjwa wa nyonga akiruhusiwa hospitali hupewa masharti. Kwa miezi ya mwanzo asikunje paja kupita pembe mraba. Asikunje nne. Asilale bila mto katikati ya miguu. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima, akishuka atangulize uliopasuliwa. Ni maneno machache na yanaingia kwenye karatasi moja. Sasa yachukueni muyaingize kwenye nyumba ya Kisukuma. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Jiko ni mafiga matatu, na anayesonga ugali amekaa kwenye kigoda, magoti yakikaribia kidevu. Kitanda chetu kilikuwa cha chini. Mkeka wa kupumzikia ulikuwa sakafuni. Maji yapo bombani, lakini ndoo inainuliwa kutoka ardhini. Karibu kila kitu ambacho mwanamke hufanya tangu anapoamka kinapita ile pembe mraba.

Nilichukua kiti cha plastiki chenye mikono, nikakata tundu katikati kwa msumeno mdogo, kingo nikazilainisha kwa msasa halafu nikazizungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili zisimchune. Kiti kile tulikiweka juu ya tundu la choo. Kikawa kinateleza, maana sakafu ya choo huwa na maji, hivyo fundi akatengeneza mashimo manne kwenye saruji, kila mguu wa kiti ukakaa kwenye shimo lake. Kitanda tulikiinua kwa matofali, mawili kila mguu. Jiko la mkaa tukalipandisha juu ya meza ya matofali, kimo cha kiuno. Kazi hiyo yote ilifanyika kwa gharama ambayo mwalimu anaweza kuibeba, na kila kitu kingepaswa kuwa tayari kabla hajapasuliwa. Anayerudi na mshono mbichi hawezi kusubiri fundi.

Lilikuwapo na jambo lisilohitaji fundi. Kwetu mwanamke huwasalimia wakwe na wazee kwa kupiga magoti, na huwatengea chakula kwa magoti. Nyonga mpya haitaki hivyo. Nilimwona mke wangu, magongo yakiwa yameegemea ukuta, akianza kushuka kumwamkia baba yangu mdogo, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Nilimzuia palepale, mbele za watu, na palikuwa na ukimya. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mzee yule peke yangu. Nikamwomba aseme yeye, kwa kinywa chake, mbele ya ukoo, kwamba huyu mwana asimwamkie mtu kwa magoti, wala asidhaniwe amejaa kiburi. Alilisema Jumapili, baada ya ibada. Tangu hapo hakuna aliyelitaja tena. Mke wangu asingeweza kujiombea ruhusa ile bila kuonekana anajitetea. Hilo ni la mume.

Kuhusu kuoga na kuvishwa, nanyoosha maneno kwa wanaume wenzangu. Desturi inasema mke akiugua sana, mama yake aje amuuguze, au arudishwe kwao. Lakini mama mkwe na mkwe wana heshima yao. Haingii chumbani kwangu, wala mimi sikai alipokaa. Atamwogesha vipi mwanawe usiku kwenye kitanda changu? Ndiyo maana wanawake wengi hurudishwa kwao, na wengine hawachukuliwi tena. Mama mkwe wangu alikuja, akapika, akalea wajukuu, akalala nyumba ya pili. Maji ya kuoga nilichemsha mimi. Nilimwosha mke wangu, nikamfuta, nikamvalisha soksi kwa sababu haruhusiwi kuinama kufikia vidole vyake. Kuna rafiki aliyenishauri nioe wa pili, eti anisaidie kazi. Alikuwa na nia njema kwangu. Nilimuuliza: huyo wa pili akiugua, nitaoa wa tatu?

Na faragha ya ndoa, mtaniwia radhi wazee, nayo ni sehemu ya matibabu. Wagonjwa wengi wa nyonga ni vijana waliooana juzi. Wanarudi nyumbani na karatasi inayoeleza jinsi ya kukaa kwenye kiti, wala haina neno kuhusu jinsi ya kukaa kama mume na mke. Basi wanaogopa. Mmoja anaogopa kumuumiza mwenzake, na mwingine anadhani amechukiwa kwa sababu ya kovu. Miezi inapita kimya. Muulizeni mtaalamu wa mazoezi tiba, atawaambia muda wa kusubiri na namna iliyo salama. Ni swali la kiafya kama lile la mshono, na anayelijibu hashangai.

Ule upasuaji wa kwanza, nzengo yetu, umoja wetu wa majirani, ilitubeba. Majirani walichanga, vijana walikwenda kutoa damu, kina mama walileta michembe na unga. Nitawashukuru hadi nakufa. Kisha nyonga ya kulia ikaanza kutoa majimaji. Tukarudi. Madaktari wakasema kiungo kitolewe, mahali pake pawekwe saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu, tusubiri wiki kadhaa, ndipo kije kipya. Hizo zilikuwa operesheni mbili kwa jina la moja. Safari hii simu zilipigwa chache. Simlaumu mtu. Kwenye vikao vya michango kuna misiba, kuna harusi, kuna mtoto wa jirani aliyeanguka na bodaboda, na jina letu lilikuwa limeshasomwa. Hata sisi wenyewe tuliona haya kuomba. Mke wangu alikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, hawezi kuukanyagia, sindano za kuzuia damu isigande zikichomwa tumboni. Alinitazama usiku mmoja akasema amechoka kuwa habari. Sikuwa na jibu. Nilimsogezea mto.

Nimetembelea machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu na Rwamgasa kwa sababu nina ndugu huko, na hali ya machimboni inanitia hofu zaidi ya hii ya kwangu. Mwanaume akiangukiwa na mwamba ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, paja likavunjika hadi kwenye kiungo, mkewe huanza safari ya kumuuguza akiwa kwenye kibanda cha turubai. Nyumbani kwao ni Kigoma au Tabora. Majirani zake ni wenzake wa karasha, wamama ntilie na vijana wa winchi. Wanachanga vizuri sana; mchimbaji akiwa nacho hana mkono mfupi. Lakini rasha, yaani habari ya dhahabu mpya, ikitoka kwingine, kambi nzima inahama. Upasuaji wa pili unapofika, wale waliochanga wa kwanza wako Mwakitolyo au Chunya, na namba za simu zimebadilika. Nilimkuta mwanamke anayeponda mawe mchana na kupika maandazi usiku, mumewe amekaa mlangoni na goti lililofunguliwa na kufungwa mara nisiyoijua. Alikuwa amejifunza mwenyewe kubadilisha bandeji, na kidonda kilikuwa kisafi. Ningependa madaktari wote wakione kidonda kile.

Hata safari yenyewe imekuwa mzigo. Kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, mgonjwa wa Geita aliyekuwa akienda Mwanza alifika kwenye kivuko, abiria wakashuka basini, wakaingia kwa miguu. Fikirini mtu mwenye magongo kwenye njia ile yenye mteremko, mkewe amebeba begi, faili na chupa ya chai, umati ukiwasukuma. Sasa gari linapita juu ya maji kilomita tatu bila kusimama, na daraja hilo kwa mgonjwa wa nyonga ni dawa. Lakini anayehitaji kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili bado ana safari ya kwenda Dar es Salaam, ambako mwenza wake lazima apate pa kulala na cha kula kwa wiki nzima au zaidi.

Sheria zetu zinasema nini kumhusu huyu mwenza? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na inampa mke mwenye uwezo wajibu wa kumtunza mume aliyeshindwa kujipatia riziki kwa maradhi au majeraha. Inataja malazi, mavazi na chakula. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa mahakama iliona kazi iliyokuwa haionekani.

Kisha ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa WCF ulioanza kazi mwaka 2015. Miongoni mwa mafao yake limo moja ambalo wachache wanalijua: malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Yaani serikali imeshakubali, kwa maandishi, kwamba anayemgeuza mgonjwa kitandani anafanya kazi yenye thamani ya fedha. Mfanyakazi aliyeajiriwa katika mgodi mkubwa wa Geita au Bulyanhulu akiumia kazini hadi akahitaji mtu wa kumhudumia daima, fao hilo linamhusu. Mchimbaji mdogo wa duara, asiye na mwajiri anayemchangia, halimhusu, japo mwamba ni uleule. Na mwenye selimundu hakuumia kazini, kwa hiyo yeye naye yuko nje.

Kaya nyingi za huku zilikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa watu sita kwa mwaka. Ilikuwa kadi nzuri kwa homa na uzazi, na ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Nyonga bandia ilikuwa juu ya hapo, na bei yake ni mamilioni. Bima yangu ya mtumishi ilibeba sehemu kubwa. Kilichobaki tuliuza ng'ombe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaoisimamia nawaomba walitazame lile fao la WCF na kuuliza kwa nini lisipate njia ya kumfikia mke wa Nyarugusu.

Hilo litachukua muda. Lipo ambalo halihitaji Bunge. Nzengo zetu zinaweza kuamua leo kwamba jina la mgonjwa wa viungo lisomwe kwa awamu: sehemu ya mchango itolewe sasa, sehemu iwekwe kwa mweka hazina ikisubiri upasuaji unaofuata, maana tunajua utakuja. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinajua kutunza fedha ya msimu wa pamba na mpunga. Hili nalo vinaliweza. Tuchange pia kazi. Mtu mmoja achote maji Jumanne, mwingine apeleke watoto shule Alhamisi. Aliyebaki kitandani pa mwenzake apate mchana mmoja wa kulala.

Na hospitali zinaweza kumfundisha mwenza kabla ya kisu. Sisi tulielezwa masharti siku ya kuruhusiwa, mlangoni, gari likiwa linasubiri. Maelezo yale yangetolewa siku mbili kabla ya upasuaji, tungejua kuhusu kiti, kitanda na jiko mapema. Hilo halidai jengo jipya. Iwe nusu saa, kitanda kimoja, kiti kimoja na magongo, mtaalamu wa mazoezi tiba aonyeshe jinsi ya kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo wako mwenyewe, kila mwenza ajaribu mara moja akisahihishwa, na aulizwe choo cha kwao kikoje. Wanafunzi wenyewe wapo: kila siku wamekaa uwanjani na vyombo vya chai, wakisubiri saa ya kuona wagonjwa.